Mwaka Aliobebwa Mzee Rama

Bi Mejuma tulimzika Alhamisi baada ya alasiri, katika makaburi ya kando ya barabara ya Bongwe, ubavuni mwa mumewe. Nasema tulimzika kwa mazoea tu. Waliozika ni wanaume. Mimi nilikuwa uani na wenzangu tukikuna nazi za hitima, na nikamsikia mtu upande wa pili wa ua wa makuti akiuliza, "Kwani huyu mumewe hakuwa mzee wa kaya? Mbona wamelazwa huku njiani?" Mwingine akamjibu, "Habari ndefu hiyo." Nilitaka kutoka niseme si ndefu, ni ya mwaka mmoja tu, na nyumba ile niliishi mimi mwaka huo. Sikutoka. Mikono yangu ilikuwa imejaa machicha, na hata kama ingekuwa mikavu sijui kama ningethubutu. Lakini neno lile nimerudi nalo nyumbani. Nimezoea kuandika kidogo kila jioni mambo ya siku, bei ya samaki, nani kajifungua, basi nimeona nijaribu kuandika na haya. Shule niliishia darasa la nane. Nikikosea mpangilio mtaniwia radhi. Ninachokihofia zaidi ni kumkosea mtu, kwa kuwa wote waliokuwamo mwaka ule nawaonea huruma, hata wale niliowahi kuwachukia.

Nilikuwa msichana wa kuanza maisha nilipopelekwa kukaa kwa Bi Mejuma. Hakuwa ndugu wa damu, lakini nilimwita shangazi tangu siku ya kwanza na akaitika. Kazi yangu ilikuwa kupika chai na mahamri katika banda la makuti lililoko karibu na njia inayoshukia Galu, pale wageni walipokusanyika kabla ya kuingizwa kaya. Kaya ni msitu wa wazee wetu, walimokaa na kuzikwa watu wa kale. Hii yetu sitaitaja jina, wenyewe wanaijua. Vijana wa kwetu walikuwa wameanza kuwatembeza watu humo, makundi makundi, wazungu na walimu na watu wa bara. Njia inaingia kwa Mlango wa Juu, inakata uwanja yalipokuwa majumba ya zamani, inapita makaburi ya wazee, inafika kwenye mbambakofi mmoja mkubwa ambao watu wanne hawaukumbatii. Kutoka pale inateremka upande wa bahari mpaka Mlango wa Chini. Nasema mlango, lakini miti ya milango ilioza kabla hata ya wazee wetu kuzaliwa. Wa Juu kila mtu anajua ulipokuwa. Wa Chini aliujua mtu mmoja tu kwa kila zama, kwa sababu chini yake limezikwa fingo, ile kinga ya kaya, na anayejua lilipo aweza kulifukua. Kwa hiyo wageni waligeuzwa kwenye mbambakofi. Aliyejua Mlango wa Chini mwaka ule alikuwa Mzee Rama, mume wa Bi Mejuma.

Aliyewaongoza wageni zaidi ya wenzake ni Kasimu, mpwa wa Mzee Rama, mtoto wa dadake. Asubuhi alitembeza watu, jioni alicheza ngoma hotelini. Alikuwa na mdomo. Kila mgeni alifungwa kaniki nyeusi kiunoni, kisha Kasimu akawasomea miiko: usichume jani, usiokote hata kijiti, usibusu mtu humo ndani, na uingie kwa miguu yako mwenyewe. Huu wa mwisho ndio mzito. Anayebebwa kuingia kaya ni maiti wa mzee wa kaya anayepelekwa kwa wenziwe, hakuna mwingine. Siku moja mama mmoja mgeni alikatikiwa na kiatu, na mumewe kwa mapenzi akamweka mgongoni wakielekea Mlango wa Juu. Kasimu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto: "Shusha! Shusha, bwana, utaingia na mke utoke mjane!" Banda zima likaangua kicheko, na yule mama mwenyewe akacheka alipofasiriwa. Mzee Rama alikuwa kwenye benchi na kikombe chake. Hakucheka. Aliniambia tu, "Mwanatumu, mpe yule mama kandambili zangu." Akarudi nyumbani pekupeku.

Chumba nilichopewa kilipakana na chao, na ukuta wa katikati haukufika juu. Sikuwa nikitega sikio, Mungu ananijua, lakini maneno yalipita juu ya ukuta kama moshi wa jikoni. Baada ya magharibi tulikula uani, wali wa nazi siku za neema, sima na mtsunga siku nyingine, ile mboga chungu ambayo Mzee Rama aliipenda na mimi niliimeza kwa adabu. Kisha waliingia ndani na mazungumzo yakawa yale yale, ya Kasimu.

"Mtoto yule bado hajatulia," Mzee Rama alisema.

"Unamngoja mpaka aote mvi?"

"Mlango si habari ya kupeana, Mejuma. Nitakwenda naye, nitakanyaga, naye atakanyaga nilipokanyaga. Ndivyo nilivyopewa na mjomba wangu."

"Basi nenda naye kesho."

"Kesho yuko hotelini anatikisa mabega."

"Anatikisa mabega apate unga, Mzee Rama. Na unga huo sima yake umeila sasa hivi, tena umeomba ukoko."

Nikasikia mzee akicheka. Kicheko chake kilikuwa cha puani, kifupi. Nakiandika hapa kwa sababu baadaye mwaka ule hakikusikika tena.

Kisha vikaja vigingi. Vijana waliingia asubuhi kufagia njia wakakuta vigingi vya saruji vimepandwa ndani ya msitu, mstari mmoja kutoka upande wa bahari hadi karibu na mbambakofi. Mtu alikuwa amenunua kiwanja cha ufukweni, na hati yake ilisema kiwanja kinapanda hadi pale. Nataka niwe wa haki kwa mtu huyo. Hati hakuighushi, aliuziwa na watu wa kwetu, waliotia vidole gumba vyao wenyewe. Alikuja bandani mara moja, akanywa chai yangu, akasifu tangawizi. Wazee wa kaya walipeleka malalamiko, na baada ya kwenda na kurudi kwingi akaletwa afisa wa ardhi, mama mmoja kutoka bara, mpole, wa miwani. Aliketi barazani kwa Bi Mejuma akasema maneno ambayo sijayasahau: "Wazee wangu, mimi naandika yale nimeonyeshwa. Mkinionyesha huo mlango wa chini, mpaka utapita nje ya mlango. Msiponionyesha, nitaandika chenye nimeona, na chenye nimeona ni vigingi." Hakuna aliyemchukia. Alikuwa amesema kweli. Siku ya kutembea njia ikapangwa, wote pamoja, mwenye hati na wazee.

Tatizo ni kwamba Mzee Rama hakuweza kutembea. Miguu yake ilikuwa imefura tangu mfungo, na alikuwa ametoka hospitali ya Msambweni na mfuko wa dawa na neno la daktari kwamba moyo umechoka, asijitie mwendo mrefu. Kasimu alikoma kwenda hotelini. Alikuja kila asubuhi akapiga magoti kando ya kitanda. "Mjomba, niambie tu. Kushoto kwa mti gani, kulia kwa jiwe gani, mimi nitawaonyesha." Na Mzee Rama: "Nikisema kwa mdomo nimeutangaza, na uliotangazwa si mlango tena." "Mjomba, wataukata msitu!" "Nasikia. Niinue." Basi akawa anajizoeza. Kutoka kitandani hadi mlango wa jikoni. Kesho yake hadi kwenye mkungumanga wa jirani. Bi Mejuma alimfuata nyuma na kigoda mkononi, na kila mzee alipoyumba alimtilia kigoda chini, bila neno, kama mtu anayetega maji ya paa. Nilikuwa nikiwatazama kupitia mvuke wa sufuria, na nikahesabu moyoni umbali wa kutoka jikoni hadi mkungumanga, kisha umbali wa kutoka Mlango wa Juu hadi mbambakofi, na hesabu haikukubali kwa namna yoyote. Usemi wa kukata tamaa nilikuwa nikiusikia tu. Mwaka ule niliupika, nikaupakua, nikaula.

Siku yenyewe palikuwa na jua la upole. Tulifungwa kaniki wote, afisa, mwenye hati, wazee wawili wa kaya, na mmoja wao alikuwa Mzee Chiti, rafiki wa Mzee Rama tangu jandoni. Bi Mejuma alibeba kigoda. Mimi nilibeba birika la chai na maji. Mzee Rama alipita Mlango wa Juu kwa miguu yake, mkono begani kwa Kasimu, na kundi zima likaenda kwa mwendo wake, ambao haukuwa mwendo. Akipiga hatua chache anakaa, sisi sote tunasimama, ndege wanaimba. Afisa aliuliza jina la mti huu na ule kwa adabu, ili kimya kisitutese. Mzee Chiti akajaribu utani: "Rama, siku ile ya kuiba maembe ulikimbia kuliko hivi." Mzee Rama akajibu, pumzi imekatika, "Siku ile... nilikuwa nikikukimbia wewe. Ulikuwa unanuka." Tukacheka kuliko ilivyostahili. Tukafika uwanjani, tukafika makaburini. Kwenye mbambakofi aliketi kwenye kigoda, akainuka, magoti yakakataa. Akainuliwa, yakakataa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Si mumbebe tu?" afisa akasema. "Mmesema ni hapa karibu."

Alisema kwa huruma, na mgeni hana kosa. Hata hivyo nililitua birika chini. Wazee walitazama chini. Mwenye hati naye alikuwa akitazama chini, na sidhani alikuwa akifurahi. Ndipo Mzee Rama akasema, sauti ya kawaida kabisa, kama anaagiza chumvi:

"Kasimu, leta kitanda cha bandani."

"Mjomba, la."

"Leta kitanda."

"Tutaomba siku nyingine! Mama huyu atatupa siku nyingine!"

"Siku nyingine nitakuwa na miguu mingine? Leta kitanda, mwanangu."

Kasimu alikwenda akilia kwa sauti, mtu mzima, na akarudi na kile kitanda cha kamba tulichokuwa tukianikia kaniki za wageni. Mzee Chiti alimshika Mzee Rama mkono akamwambia, "Rama, unajua unachokifanya?" Akasema anajua. Akamtazama mkewe. "Mejuma, uniwie radhi." Na shangazi, aliyekuwa na ulimi wa kumjibu kwa kila jambo kwa miaka yote ile, akasema yale tunayowaambia wanaokwenda: "Nimekuwia radhi duniani na akhera. Nawe uniwie." Afisa alidhani ni dua ya safari, akainamisha kichwa.

Wakamlaza, wakakiinua kitanda begani, wanaume wanne, hata mwenye hati akatia bega. Na pale pale Bi Mejuma akasimama. Mimi nikasimama naye. Kwetu wanawake hawafuati jeneza. Hatukushauriana, miguu ilijua yenyewe. Afisa, kwa kuwa hakujua, aliwafuata. Tukabaki sisi wawili chini ya mti ule na kigoda kitupu kati yetu, wala hakuna aliyekikalia. Tuliwasikia wakiteremka, vijiti vikivunjika, kisha hatukuwasikia.

"Wanamzika mume wangu," shangazi akasema, "na bado anapumua."

Nikamtilia chai. Aliishika mpaka ikapoa.

"Pakoje huko chini, Mwanatumu?"

"Sijui, shangazi. Sijafika."

"Mimi nimelala na mtu anayepajua umri wangu wote. Sikumwuliza hata mara moja. Nilidhani siku zipo."

Yaliyotokea chini sikuyaona, kwa hiyo ninayaandika kama nilivyopewa. Kasimu aliniambia kwamba mjomba wake aliomba kitanda kiinamishwe, akashusha mguu mmoja, akagusa mchanga kwa kisigino, naye Kasimu akakanyaga papo hapo na ardhi ikamwitikia mpaka kiunoni. Afisa aliniambia alipokuwa akifungua kaniki bandani: "Mimi niliona mchanga, dada. Mchanga na majani. Lakini nilimwona huyo mzee akiweka mguu, na nimeandika pale aliweka." Nimewaza mengi juu ya maneno haya mawili na sijaona kwamba yanapingana.

Mpaka ukapitishwa nje ya mguu wa Mzee Rama. Vigingi viling'olewa, mwenye hati akapokea bila ya ugomvi, na wanawake wakapiga vigelegele kutoka bandani hadi nyumbani kwetu. Mzee Rama alikuwa chumbani. "Wamefurahi?" akaniuliza. Nikamwambia wamefurahi sana. "Basi nifungie dirisha."

Kwa maana alikuwa amekwisha kupelekwa kwa wenziwe, kama maiti. Alitolewa msituni kwa kitanda kile kile, akiwa hai, na hakuna kati yetu aliyejua mtu wa namna hiyo afanyweje. Wazee wenziwe hawakuja kumjulia hali. Sikuwaelewa, nikawaita wakatili, mpaka Bi Mejuma aliponieleza kwamba maiti hasalimiwi, kumsalimia ni kumrudisha, na akirudi basi hakwenda. Mzee Chiti alipita asubuhi akaweka madafu mlangoni bila hodi, akaenda zake haraka, bega likimtikisika. Mzee Rama mwenyewe alikuwa mkali kuliko wao. Hakula nasi tena uani. Hakutaka kuitwa jina. Nilimpelekea uji, akala ameelekea ukutani, na akimaliza alikifudikiza kikombe. Siku moja alinishika upindo wa kanga.

"Nikikohoa, barazani wanasikia?"

"Wanasikia, baba."

"Wakisikia husemaje?"

Ningeweza kumdanganya. "Hunyamaza," nikasema.

"Vizuri," akasema, lakini uso wake haukusema vizuri.

Shangazi alikwenda kwa mwalimu wa madrasa akamwuliza kama akae eda. Mwalimu alidhani anamtania, kisha akakasirika. "Mejuma, mtu anakula uji halafu aliliwe? Huo ni upuuzi." "Kawaambie wenziwe basi." "Wale hawanisikii mimi." Akarudi nyumbani, akapika mtsunga, akaupeleka chumbani, ukarudi vile vile. Nilimsikia juu ya ukuta akimwambia, "Nijibu hata tusi, Mzee Rama. Nimekuzoea unanijibu." Kilichofuata ni kimya, na nikaziba masikio kwa mto, nikaona haya hata kwa kuusikia ule ukimya.

Alikufa kabla ya mvua za mwaka, mchana, Kasimu akiwa amemshika. Na ndipo lilipokuja ambalo hatukuwa tumelifikiria, au mimi sikulifikiria. Labda yeye alilijua tangu alipoagiza kitanda. Mzee Chiti alisimama kizingitini, machozi yanamchuruzika hadi ndevuni. "Mejuma, tulishampeleka. Mtu hapelekwi kaya mara mbili."

"Alale wapi?"

"Tukimpeleka leo, tunasema siku ile hakupelekwa, tulicheza. Na kama tulicheza, alichokionyesha nacho ni mchezo. Na vigingi vitarudi. Nisaidie, dada yangu. Kama wewe waiona njia, nionyeshe."

Kasimu alitaka kumpiga. Alishikwa. Bi Mejuma akasema, "Hakuna njia. Na mimi mtaniweka atakapokuwa." Akazikwa kando ya barabara ya Bongwe, magari yanapita, mtu aliyewabakishia kaya yao. Nimewalaumu wale wazee na kuwaondolea lawama mara nyingi hata sijui leo nimesimama wapi. Mwaka uliofuata niliolewa Msambweni. Bi Mejuma hakuingia kaya tena, na kila nilipomtembelea hatukuitaja.

Jumamosi hii, hitima imekwisha, Kasimu alikuwa na kundi la walimu wa kutembeza. Ana mvi sasa na mdomo umepoa. "Dada Tumu," akasema, "funga kaniki twende." Nikaenda, sijui kwa nini. Kwenye mbambakofi miguu ilisimama yenyewe. Siku hizi wageni hawageuzwi tena pale, na walimu walinipita wakipiga picha. Kasimu akarudi nyuma. "Leo hatujabeba mtu," akaniambia taratibu. Nikateremka.

Aliwaambia walimu, "Mlango wa Chini ulikuwa maeneo haya," akazungusha mkono hewani kote. Mmoja akauliza ni nani aliyeujua, na Kasimu akasema, "Mjomba wangu," basi. Kisha akatangulia kuwatoa, na mahali pamoja nikamwona akipindisha mwendo kidogo, kama mtu anayezunguka aliyelala. Nikageuza uso haraka nisipashike akilini.

Jioni nilipita makaburini kabla ya kurudi Msambweni. Sikuingia, nilisimama nje ya ua wa michongoma, mahali ambapo mwanamke aweza kusimama bila kusemwa. Udongo wa shangazi ulikuwa bado mwekundu, wa mumewe umekwisha kuota nyasi.

"Nimefika, shangazi," nikamwambia. "Ni mchanga tu. Mchanga na majani makavu, na bahari inasikika lakini haionekani. Pana kivuli. Pangewatosha wote wawili."